Neno Kuhifadhi na Daftari la Wambaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kwa kanga, na Mkuu wa Masjala, mzee wa Kiuyu aliyesimamia majalada yote ya ofisi, akaniambia, "Bi Raya, hii usiiguse mpaka nkuoneshe." Nilingoja wiki mbili. Alipokuja kunionesha, nikagundua kuwa naye haijui.

Tulijifunza pamoja. Kazi ilikuwa kunakili madaftari ya kale ya vizazi: jina la mtoto, la baba, la mama, na shehia, yaani kijiji au mtaa wao. Karatasi zilikwisha anza kuliwa na mchwa. Daftari lililooza kabisa, likishanakiliwa, lilichomwa moto ili mchwa wasihamie mengine. La kijiji cha Wambaa ndilo la kwanza kuchomwa.

Kila Alhamisi Mkuu aliniuliza, "Umehifadhi?"

"Nimehifadhi, Mzee."

Sasa ninyi vijana sikilizeni. Mkuu alikuwa amehifadhi Kurani. Kwake yeye, kilichohifadhiwa kimetoka kitabuni kikaingia kifuani, na hata kitabu kikipotea, chenyewe kipo. Mimi nilifundishwa kuwa kuhifadhi ni kubonyeza kitufe, basi nikabonyeza. Tuliulizana na kujibiwa miezi kadhaa, kila mmoja na maana yake, na sote tukenda nyumbani tumeridhika.

Siku moja boksi la kompyuta likaanza kulia ta, ta, ta. Nilidhani ni mjusi kaingia. Nikaligonga kwa kiganja ili atoke. Nililigonga siku mbili nzima, mjinga mimi! Ilikuwa ni diski ngumu, ile sahani inayozunguka ndani na kubeba kila tulichoandika, nayo ilikuwa inakata roho. Siku ya tatu kioo kikawa cheusi.

Fundi aliletwa kutoka Unguja. Akafungua, akasikiliza, akauliza, "Nakala rudufu iko wapi?" Ndiyo nakala ya pili, inayokaa mbali na ya kwanza.

"Nimehifadhi," nikasema.

"Wapi?"

"Humo humo."

Mkuu akavuta kiti akakaa. "Basi hukuhifadhi, mwanangu. Umeweka tu." Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Nililia mbele ya wanaume wawili wala sikuona haya.

Madaftari mengine yalikuwapo, hayajachomwa bado, tukayaandika upya. Kwa Wambaa tulikwenda nyumba kwa nyumba na Mkuu, tukiwauliza wazee nani kazaliwa na nani, tukajaza tulichoweza.

Baadaye nilihamishiwa Wete, nikawa msimamizi. Huko niliweka sheria: nakala mbili, moja ofisini, nyingine jengo jengine, na kila mwezi tunaifungua ile ya pili na kuisoma. Nakala isiyofunguliwa huijui kama ni nzima. Karani mmoja alininung'unikia, "Bi Raya, kwani sie tunalinda dhahabu?" Nikamwambia aendelee kunakili. Diski mbili zilikufa mikononi mwangu Wete, na hatukupoteza hata herufi.

Nilimalizia kazi pale pale nilipoanzia. Wiki yangu ya mwisho alikuja mwashi mmoja, mtu mzima, kutoka Wambaa. Mama yake alikuwa mtu wa bara, alikufa yeye hajaanza kutambaa, na baba akafuata. Kijijini walimwita mama huyo Bi Mgeni, basi, hakuna aliyemjua kwa jengine.

"Nataka jina lake la kweli," akasema. "Kila nkimwombea dua, naona kama namwombea ntu mwengine."

Nikafungua orodha tuliyoijaza upya. Mahali pa mama pameandikwa Bi Mgeni. Nikamweleza yote, mpaka mjusi. Alisikiliza, akasema, "Haya, ndiyo kudra," akanishukuru, akenda zake.

Nimestaafu sasa, nakaa Wawi. Watu husema nina ukali, kila nikiona simu nauliza picha za harusi ziko wapi kwengine. Naukubali. Jina la yule mama nililiandika kwa vidole hivi, kabla daftari halijachomwa. Lilikuwa geni kwangu, jina la bara, nikalisoma mara tatu, herufi kwa herufi, nisije nikamkosea. Mpaka leo nakaa nikilitafuta kichwani, na halinijii.