Mke wa mwanangu alingoja daktari wa meno anizibe mdomo

Wakuu, mnaokumbuka mwaka viazi vilioza shambani kwa mvua, tukala ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, ndio huo. Miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mimi shosho, nyanya yenu, nawasalimu, na nikiongeza chumvi jino hili linitoke.

Gego langu la juu lilikuwa limefanyiwa root canal, kusafishwa mizizi na kujazwa dawa, kule Ruiru. Likatulia kidogo, kisha likafura tena, shavu likawa kama nimeficha andazi.

Nilikuwa naishi Kalimoni peke yangu na ng'ombe wangu wawili. Mwanangu na bibi yake Wanjiku walikuwa Kahawa Sukari, wakitaka nihamie kwao. Wanjiku akasema jino ndilo ushahidi: naozea huko bila mtu.

Akanipeleka Thika kwa daktari mwenye microscope, mashine ya kukuza vitu, imesimama kwa mguu kama taa ya barabara.

Daktari akapiga X-ray kwa pembe mbili. Dawa ya zamani ilikuwa imejaza mifereji mitatu ndani ya mizizi. Akashuku kuna wa nne umejificha.

Akanidunga sindano ya ganzi, akanitandazia kipande cha mpira mdomoni, jino peke yake likachungulia nje. Mimi ninayesikika soko zima la Ruiru, kimya.

Wanjiku akaona nafasi. (Msichana ana akili, hiyo nampa.) Akavuta kiti, akaniambia chumba ameshapaka rangi, ng'ombe wamepata mnunuzi, lori linakuja Jumamosi.

"Mami, kama unakataa, sema sasa daktari akisikia."

Nikanguruma.

"Asante, Mami."

Daktari alikuwa ameinamia lenzi, mabega yakimcheza kwa kicheko. Halafu akatulia. Ameupata: mfereji wa nne, mwembamba kama unywele, macho matupu hayangeuona. Akamwita Wanjiku achungulie.

"Uozo ulijificha hapa," akamwambia. "Hata angelala kwako, jino lingefura tu."

Akasafisha, akajaza, akatoa mpira.

Wakuu, jino lililotibiwa likirudi kuuma, msikimbilie kung'oa. Tafuteni mwenye mashine ya kuona ndani. Na mke wa mwanenu abaki nje ya mlango. Wenye wakwe kama wangu, jimwageni hapo chini.

Mimi siku ile, mpira ulipotoka, midomo ikiwa bado na ganzi, nilisema, "Sihami Kalimoni, na ng'ombe hawauzwi."

Wanjiku akamwambia daktari hiyo ni dawa inaongea.

Nikatema maji, nikapangusa kidevu.

"Sihami Kalimoni, na ng'ombe hawauzwi."