Kopo la Mchanga na Lori la Tandahimba

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, kitu cha kwanza kunijia ni maumivu ya miguu. Halafu yanakuja maji, halafu lori, halafu mama. Nitakusimulia kwa mpangilio huohuo, na nikipotea njiani univumilie. Shule niliishia darasa la tatu, na kichwa changu huzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku hizi naishi Mkunya, nilikoolewa, lakini nilizaliwa katika kijiji kilichopo ukingoni kabisa mwa uwanda wa Newala, upande wa machweo. Ukisimama nyuma ya nyumba ya bibi yangu unaona ardhi imekatika ghafla, na bonde liko chini huko kama sahani. Juu kwetu hakukuwa na maji. Tuliyafuata bondeni, tukishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo imejaa kichwani. Ndiyo maana hadi leo nikimwona mtoto ananawa mikono kwa kata nzima ya maji, moyo unaniruka. Lakini hayo ni mengine.

Mama hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwenda kwao Tandahimba kujifungua, na alipojifungua tu mama yake mzazi akaugua, basi akabaki kumuuguza. Mvua zikaanza, zikaisha, hajarudi. Nilikuwa na mdogo wangu ambaye sijawahi kumwona hata ukucha. Mimi nilibaki na bibi mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Bakari kwa jina la baba yangu. Usiku nililala na kanga ya mama nimeikunja chini ya shavu. Ilikuwa imeshaisha harufu yake, lakini niliinusa hivyohivyo.

Basi mjomba wangu Selemani, kaka yake mama, alikuwa utingo kwenye lori la kubeba korosho. Lori lile lilipita kwetu kila Jumamosi saa mbili asubuhi kuelekea Tandahimba, na dereva wake hakumsubiri mtu, hata awe nani. Mjomba akamwambia bibi, "Jumamosi mtoto awe barabarani, nitampakia akamwone mama yake." Siku hizo sikulala vizuri kwa furaha.

Ijumaa jioni bibi akaniita. "Fatu, kesho utakwenda. Lakini hutaniacha mimi mzee bila maji. Alfajiri ushuke na kina Zuhura, ujaze, upande haraka. Ukifika unaoga, unakula, unaondoka. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia kweli. Hilo nalisema mbele ya Mungu.

Tukashuka gizani, tukapanga foleni, nikajaza ndoo yangu mapema tu. Wanawake wakubwa walipojaza waliondoka. Tukabaki sisi wasichana, na Zuhura, jirani yetu, msichana mwenye maneno kuliko redio, akachimba kishimo na kukusanya vijiwe. Tukacheza mdako. Unaujua mdako? Unarusha kijiwe juu, unavitoa vingine shimoni, unakidaka kabla hakijaanguka. Vijana wa siku hizi wanacheza kwa vidole kwenye simu, haya.

Sikuwa mjinga, mwanangu. Kila baada ya muda niliinua macho kuangalia jua. Kote bondeni kulikuwa na kivuli cha ubaridi, umande haujakauka, kisima chenyewe kimepoa kama alfajiri. Nikajiambia bado mapema. Mimi nilizoea kushuka jioni nikitoka shule. Asubuhi ya bondeni nilikuwa siijui. Tulipomaliza nikajitwisha ndoo, nikapanda nikiimba.

Nilipofika juu, pale njia inapotokea kwenye mikorosho, jua likanipiga usoni. Halikuwa jua la kuchomoza. Lilikuwa jua la watu waliokwishalima na sasa wanatafuta kivuli. Nikakimbia. Maji yakanimwagikia mgongoni, nikakimbia tu.

Bibi alikuwa uani anapukuchua mbaazi. Akanitua ndoo kwanza, kwa utulivu, kisha ndiyo akanitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Lori limepita."

Nikakaa chini palepale. Zuhura aliyekuwa nyuma yangu, badala ya kupita kwao, akasimama akacheka, "Fatu kamchezea mama yake mdako!" Bibi akamrushia ganda la mbaazi. "Wewe nenda kwenu, mdomo kama tarumbeta!"

Nilitegemea fimbo. Fimbo haikuja. Bibi akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba hadi ukingoni. "Tazama chini," akasema. Nikatazama. Juu yetu jua kali, na kule chini kisimani bado kivuli, kama kwamba ni siku nyingine.

"Jua linatokea huku, upande wa Tandahimba," akasema. "Linaanza mlangoni kwangu, linakatiza kijiji, bondeni linafika mwisho kabisa, maana huu ukingo umelizuia. Wewe umekaa kwenye kivuli cha ukuta ukadhani dunia nzima imelala. Jua halikukudanganya. Umeliuliza ukiwa mahali pabaya."

Wewe na wenzako wa Masasi mtanielewa haraka, maana mna majabali yenu. Aliyejenga nyuma ya jabali huamka kwa jua la wenzake. Nina mwanangu wa kuzaa hukohuko kwenu, Lisekese, yeye nilimwambia hivyo alipokuwa anachagua kiwanja. Hakunisikiliza. Tuendelee.

Nililia, nikamwambia bibi nitakwenda Tandahimba kwa miguu. Akasema, "Huendi kwa miguu. Jumamosi ijayo lori litapita tena, na wewe utalipanda. Kuanzia leo tunajifunza muda." Na bibi yangu akisema jambo, hata mbuzi wake walijua limekwisha.

Alichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, akalitoboa chini kwa ncha ya msumari, tundu dogo sana. Akachekecha mchanga, akaukaanga kwenye chungu kikavu mpaka ukawa unateleza kama ulezi, kwa sababu mchanga wenye unyevu huganda tunduni. Tukalibeba kopo hadi kwa mwadhini wa msikiti wetu, mzee aliyekuwa na saa ya mkononi, pekee niliyoijua mimi kijijini. Tukalitundika. Mchanga ukidondoka, mwadhini anatazama saa yake, bibi anapunguza mchanga, tunaanza upya. Mwadhini akachoka. "Mama Bakari, hivi unapika nini?"

"Napika mjukuu," bibi akajibu. "Tazama saa yako."

Tuliacha mpaka kopo likawa linakwisha kwa nusu saa kamili. Hapo nikaelewa kitu ambacho mwalimu alikuwa amekisema ubaoni nikakikariri bila kukiona, kwamba makopo mawili ni saa moja.

Wiki nzima ile kila nilichofanya tulikipima. Kushuka bondeni, makopo mawili. Foleni ya kisima ikiwa ya kawaida, makopo mawili. Kupanda na ndoo, makopo matatu, na bibi hakukubali nilipojidai ni mawili. Alinirudisha nipande tena akiwa nyuma yangu na fimbo yake ya kutembelea. Kuoga na kula, kopo moja.

Jumatano akanikalisha uani, akamwaga korosho ghafi juu ya mkeka. "Kila korosho ni kopo. Usianze na kuamka. Anza na lori. Lori ni saa mbili. Rudi nyuma."

Nikaweka korosho moja ya kula. Tatu za kupanda. Mbili za foleni. Mbili za kushuka. Zikawa nane, nikazipanga mbilimbili, zikawa saa nne.

"Haya, kutoka saa mbili rudi nyuma saa nne."

"Saa moja," nikasema. Kisha nikakwama. Baada ya moja nilijua hakuna kitu. Nikasema, "Zimeisha, bibi."

Hakucheka. Akaleta ungo, akapanga korosho kumi na mbili pembeni kuuzunguka, akaweka kidole changu kwenye ya pili. "Huu ni mduara, hauna pa kuishia. Tembea."

Kidole kikatembea. Moja. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi.

"Saa kumi alfajiri!" nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Basi kumbe unajua," bibi akasema, akarudi kwenye mbaazi zake. Sijapata kusifiwa vizuri kuliko hapo, hata siku ya harusi yangu.

Jumamosi ikafika, na mwanangu, siku hiyo ukungu uliufunika uwanda wote. Juu ukungu, chini ukungu. Jua halikuonekana kabisa, wala kivuli. Mwadhini aligonga dirisha letu saa kumi, kama bibi alivyomwomba. Nikashuka na ndoo mkono mmoja, na kopo mkono mwingine limefungwa kwenye kitambaa kikavu.

Kisimani nikalitundika kwenye tawi. Wasichana wakaangua kicheko.

"Fatu, umekuja kutuuzia mchanga?" Zuhura akasema. "Njoo tucheze, hata jua halijatoka."

"Leo jua silisikilizi."

"Basi sikiliza kopo. Mwulize na mchumba wako anaitwa nani."

Wakacheka tena. Nami nilicheka kidogo, maana ilichekesha. Lakini macho sikuyatoa kwenye lile tundu. Siku hiyo maji yalikuwa yanatoka polepole, foleni haisogei. Kopo la kwanza likaisha, nikajaza mchanga tena. Zamu yangu ilipofika, la pili lilikuwa linadondosha punje za mwisho, na ndoo yangu ikafika nusu tu. Wa nyuma yangu akaniambia, "Jaza, nakusubiri." Moyo ulinivuta. Nilimwona bibi akilini na sufuria yake tupu. Lakini punje zikaisha. Nikajitwisha nusu ndoo, nikapanda.

Njiani sikuona kitu zaidi ya ukungu na vidole vya miguu yangu. Nilipofika barabarani hapakuwa na lori, hapakuwa na mtu. Nikadhani limepita. Nikaingia uani mbio.

"Bibi, limepita?"

Akachungulia ndani ya ndoo, akaona ni nusu. "Nusu itanitosha," akasema. "Oga, ule muhogo wako. Nimetoka kumwuliza mwadhini, una kopo zima."

Nilikuwa nalamba kidole cha mwisho niliposikia ngurumo ya lori ndani ya ukungu.

Mama nilimkuta Tandahimba anatwanga. Aliponiona aliuachia mchi ukaanguka, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake akaamka akalia kwa nguvu. Ndivyo nilivyojuana na mdogo wangu. Bado analalamika mpaka leo, na mvi zake zote.

Sasa mwanangu, wewe mwenye watoto wadogo, nisikilize. Juzi mkwe wangu, Mama Rajabu, ameniambia, "Mama, saa ipo kwenye simu, wanaona wenyewe." Nikamwambia wanaona tarakimu, hawaoni muda. Muda mtoto anaushika kwa mikono. Mpe ungo na korosho kumi na mbili. Mpe vijiti viwili viwe mishale ya saa, kifupi mvivu na kirefu mwenye haraka, azungushe mwenyewe, na kila kirefu kikiruka korosho moja ahesabu dakika tano. Chora duara uani, mtoto mmoja akimbie mzunguko mzima ndipo mwenzake asogee hatua moja. Watakapochoka watakuwa wamejua kwa nini mshale mfupi hauna haraka. Simu ikiandika kumi asubuhi, mwambie atazame korosho iliyo ng'ambo ya pili ya ungo. Ataikuta ya nne. Atacheka, na hatasahau.

Mpimishe chungu cha maharage kinachukua muda gani, na njia ya shule, na kuoga kwake. Kisha mfundishe kuhesabu kuanzia pale anapotakiwa kufika, arudi nyuma mpaka kitandani kwake. Akikosea, mrudishe aanze tena, usimpige, wala usimhesabie wewe. Mimi wajukuu wa hapa Mkunya nimewashikilia kila jioni, na sitaacha hadi wa mwisho ajue. Lile kopo liliisha kwa kutu, nimetoboa jingine.

Mungu akupe watoto wenye miguu mepesi na macho yasiyodanganywa na kivuli. Na popote palipo na mtu anayekungoja kwa upendo, akujalie ufike ukiwa umeshaoga, umeshakula, na lori bado linakuja.