Mhindi wa Tabora na Fomu ya Kenton

Nilivumilia mpaka meneja alipoweka mkoba wake kwenye kile kiti.

Tulikuwa sebuleni kwa Mzee Ratilal, Kenton, London: meneja wa kampuni yetu ya wahudumu wa wazee, mkalimani wa Kihindi, pamoja na Kokila binti wa mzee, aliyekuja kutoka kwake Stanmore, mzee mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nimesimama mlangoni na glavu mkononi. Meneja alisoma fomu yake kwa sauti. "Asili, Mhindi. Lugha, Kihindi. Mawasiliano, hana." Mkalimani akamwinamia mzee, akauliza swali lake mara tatu, akatikisa kichwa. Meneja akaandika kwamba mzee hajitambui, ahamishiwe makao ya wazee nje ya jiji.

Mzee akanigeukia. "Hansa, mwambie huyo mama atoe mkoba kwenye kiti cha marehemu mke wangu. Hakufunzwa adabu?"

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha Tabora, kimenyooka.

"Anaguna," Kokila akasema huku machozi yanamlengalenga. "Tangu apate kiharusi anaguna hivyo tu."

"Haguni!" Nilipaza sauti mpaka mkalimani akaruka. "Anawasema! Toeni mkoba!"

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, ngoja niwaeleze tulifikaje hapo, maana na mimi nina makosa yangu humo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa kwa mratibu, yule anayepanga nani aende kwa mgonjwa gani. Alinitazama usoni, hakutazama vyeti. "Wewe Mhindi?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, Priti, na nilitaka kazi, si mjadala. "Vizuri sana," akasema, "wagonjwa Wahindi tunao wengi." Hakuuliza Mhindi wa wapi. Angeuliza ningemwambia: wa Tabora, kidato cha nne, babu alikuja na ujenzi wa reli na sisi tukabaki hapo hapo.

Wiki za mwanzo nilifundishwa mtaa wa Peckham na mhudumu mkuu, Mkongo mmoja mwenye mikono kama ya mwashi na upole wa ajabu. Ndiye aliyenionyesha shuka la kutelezea, la kumgeuza mgonjwa bila kumvunja wala kuvunjika mgongo wewe. Akanionyesha winchi ya kumwinulia mtu kitandani, na ule unga wa kuifanya chai iwe nzito ili aliyepooza koo asipaliwe. "Dada," aliniambia, "ukimwosha mtu, zungumza naye. Ukinyamaza unaosha sahani."

Mratibu alikuwa na somo lake tofauti. Kila nyumba ilikuwa na daftari la mhudumu. "Andika kwa ufupi," aliniagiza. "Amekula. Ametulia. Hadithi zao si kazi yetu."

Ndipo nikapangiwa Kenton, Mhindi kwa Mhindi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mzee kwa Kigujarati. Akanitazama kama ukuta. Nikajaribu Kiingereza, ukuta ule ule. Nikainama kumvisha soksi, nikajigonga goti kwenye chuma cha kitanda. "Mama yangu wee!"

"Pole, mwanangu," sauti ikatoka juu yangu. "Hicho kitanda kina roho mbaya."

Nilikaa sakafuni na soksi mkononi. Nikasema shikamoo, sikujua jingine la kusema. Akajibu marahaba, halafu akacheka mpaka ikabidi nimfute mdomo.

Kiharusi kilimpokonya Kiingereza na Kigujarati, kikamwachia lugha aliyobebwa nayo mgongoni na yaya wake. Kokila aliletwa Uingereza akiwa na miaka miwili. Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji. Alikuwa akija Jumapili, mimi nilikuwa zamu za katikati ya wiki, hatukuwahi kukutana. Nilimwambia mratibu kwamba mzee anaongea Kiswahili. Akacheka. "Mhindi? Kwenye fomu hakuna kitu hicho." Nikaogopa kupoteza zamu. Miezi saba nikaandika: amekula, ametulia. Yote aliyoniambia nilikwenda nayo nyumbani kichwani.

Na aliniambia mengi. Kabatini kulikuwa na karatasi za kuomba hati ambayo India huwapa watu wenye asili yake, kazijaza nusu kabla hajaugua. Nikamuuliza kama bado anataka tuzimalize.

"Baba yangu alifariki anaitamani India," akasema. "Akanirithisha hamu, lakini mahali penyewe hakunirithisha. Hata njia ya kufika kijijini kwao siijui. Mimi nikiota, naota barazani kwangu Tabora, fundi anashona, na mke wangu ananiita chai inapoa."

"Basi wewe si Mhindi, mzee?"

"Nani kasema? Mhindi ni mimi. Wasiniambie tu wa namna gani."

Jibu hilo lilinikaa. Mimi nilikwenda India mara moja na mama. Nilidhani nikishuka kwenye ndege nitajihisi nimefika kwetu. Shangazi yake mama alitupokea kwa upendo wote, akawaambia majirani, "Wageni wetu kutoka Afrika hawa." London mimi Mhindi, India mimi Mwafrika, na Tabora shuleni ulikuwa ukiniuliza mimi ni wa wapi nakupiga. Tangu mzee anijibu hivyo niliacha kutafuta nani atanipokea. Priti nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini akijigonga anasema "mama yangu wee". Inatosha kuanzia.

Narudi sebuleni. Kokila alinishika mkono. "Kama kweli anaongea, muulize alikuwa ananiita nani nikiwa mdogo."

Nikamuuliza. Mzee hakufikiri hata kidogo. "Bosi. Miaka miwili tu, anatupanga wote dukani."

Hilo neno halikuhitaji mkalimani. Kokila alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa baba yake, naye akampapasa nywele kwa mkono uliobaki na nguvu.

Meneja akafunga faili. "Inasikitisha, lakini tathmini imekwisha. Hujaridhika, andika lalamiko."

"Naandika."

Mratibu alinipigia simu jioni hiyo. "Hansa, una mtoto. Fikiri vizuri."

"Ndiyo maana naandika," nikamjibu. "Ipo siku na mimi nitawekwa mbele ya fomu, na Priti atakuwa amesimama pembeni."

Kazi hiyo nimeiacha mwaka huu, nalea mtoto wa pili. Tathmini ilirudiwa, na Mzee Ratilal yumo nyumbani mwake mpaka leo. Mhudumu wake wa sasa ni kijana wa Kizanzibari anayemshinda kwenye karata, na Kokila anajifunza Kiswahili kwa baba yake, vibaya sana, kwa bidii. Nawaomba jambo moja: andikeni walichosema watu wenu. Lalamiko lenyewe hili hapa, kwa Kiswahili, kama nilivyoliandika kabla ya kulitafsiri:

"Kwa Meneja. Mimi Hansa, mhudumu wa Bwana Ratilal, nalalamika kwamba tathmini yake ilifanywa kwa lugha aliyochaguliwa kwa sura yake. Nalalamika pia juu yangu mwenyewe: daftari linasema ametulia, wakati alikuwa anaongea. Naomba tathmini irudiwe na mkalimani wa Kiswahili, binti yake akiwepo. Fomu yenu ya malalamiko imeniuliza asili yangu. Nimeweka alama kwenye Nyingine, na nimeandika: Mhindi wa Tabora. Maneno yafuatayo ni ya Bwana Ratilal, ameyasema mwenyewe leo asubuhi, na ametia sahihi kwa mkono wa kushoto: Nyumbani kwangu sitoki. Mkitaka kujua kwa nini, njooni mniulize, chai ipo. Lakini kile kiti hakiwekwi mkoba."