Nilifika bustani ya tulipu Istanbul, nikakuta udongo

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe.

Shule niliishia darasa la sita. Nimeparua samaki soko la Feri, nimesukuma mkokoteni, sasa nabeba marobota Kariakoo.

Kitu ambacho sijawahi kukiacha ni maua. Juu ya paa ninapopanga nina asumini na mawaridi kwenye ndoo za rangi. Na kwa miaka nilikuwa naangalia kwenye simu bustani moja ya Istanbul, tulipu zimetandazwa kama mazulia.

Bosi wangu, Bi Zuhura, mama wa Kiarabu mwenye duka la mapazia, hufuata mzigo huko. Siku moja akaniambia, "Nina safari mbili, Novemba na Aprili. Moja unanibebea wewe, nyingine mpwa wangu Nassir. Chagua."

Nikachagua Novemba. Ningesubiri Aprili ya nini? Nikamwomba siku moja tu ya bustani, akakubali.

Kumbe huko maua yana msimu. Kwetu waridi likipata maji linachanua mwezi wowote. Ningejuaje?

Nilikuta udongo mtupu, mweusi, mpaka macho yanapoishia. Na baridi ya kukata masikio.

Bi Zuhura akacheka. "Wewe mtoto, umenitoa kwenye maduka ya watu nije kuangalia shamba la viazi?"

Pembeni ya kibwawa, mzee mtunza bustani alikuwa anafukia vitu kama vitunguu maji. Ndizo tulipu zenyewe. Nikapiga magoti pembeni yake. Lugha hatukuelewana, akanionyesha kwa mkono: ncha juu, kina cha kiganja. Nilipanda safu nzima, Bi Zuhura ananiita huko nyuma.

Aprili akaenda Nassir. Nikamwomba anipigie picha pale kwenye kibwawa.

Akatuma. Safu yangu imenyooka, haina pengo. Kumbe zilikuwa nyekundu.

Yeye kasimama katikati na raba mpya. Kaandika, "Bro, ni maua tu. Hata pa kukaa hakuna."

Nilichojifunza: kabla hujauliza safari, uliza msimu. Bi Zuhura ameshasema mimi hanipeleki tena.

Ile picha nimejaribu kuikata nimtoe Nassir. Ametoka mwili mzima, kasoro kiatu. Kimekanyaga maua, nikikitoa na yenyewe yanaondoka.

Kama kuna aliyefika alipopaota akakuta hapapo, aandike hapa chini. Wa kucheka nao waje, nimeshazoea.