Vigelegele Nilivyovizuia

Harufu ya makoti yaliyolowa mvua bado hunirudisha utotoni. Ndiyo iliyojaa kanisani kule Walthamstow, ughaibuni, msimu ule wa baridi nilipokuwa na miaka kumi, tulipofundishwa moteti: wimbo wa Kilatini uliotungwa karne nyingi zilizopita kuusifu mji mmoja wa Italia, kila sauti na maneno yake, zote zikiimbwa kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya alitaka mtoto mmoja aanze peke yake, naye angemchagua Ijumaa. Nilikitaka kipande hicho cha kuanza kuliko chakula. Lakini maneno yalinishinda, wenzangu wakacheka, nikarudi nyumbani na karatasi imekunjamana mkononi.

Mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Aliichukua karatasi, akaitazama. "Kumbe ni hivi tu? Soma kama Kiswahili. A ni a, e ni e. Ona, hapa wameandika leo." Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba kwa Kilatini leo ni simba. "Simba wao, leo yetu," alisema. "Haya, fungua mdomo." Tulisoma siku tatu mfululizo, akinisahihisha hata alipokuwa akisonga ugali. Ijumaa mwalimu alinichagua, akauliza nimetoa wapi irabu safi namna ile. Nilisema sijui. Nilidanganya bila haya.

Sasa hofu yangu ikawa Mama. Katika ibada za Wakenya wenzetu hakuna aliyemfikia kwa vigelegele, vilipasua ukumbi. Niliwaza vikipasuka kati ya wale watu walioogopa hata kukohoa, nikakosa usingizi. Asubuhi ya onyesho nilimshika mkono akifunga koti. "Mama, please, usipige vigelegele. Pale hawapigi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa, mama."

Mchana nilimwona safu ya tatu, ametoka kazini moja kwa moja. Niliimba, ile leo ikatoka kama alivyonifundisha, na sikumtazama mwalimu. Niliutazama mdomo wa Mama. Kifua chake kilijaa. Kisha akaushika mtandio kwa mikono miwili, akajiziba mdomo nao. Asante ya punda ni mateke, na siku hiyo punda aliimba vizuri sana.

Mwezi uliopita binti yangu aliimba shuleni kwake. Siku hizi wazazi hupiga makofi na miluzi, simu juu, na hakuna anayemwonea mwenzake haya. Mama, kichwa chake cheupe kwa mvi, alikaa kando yangu. Nilimnong'oneza, kwa Kiswahili: "Mama, piga vigelegele." Aligusa koo lake, akatabasamu. "Pumzi imeisha, mama. Piga wewe."

Nikafungua mdomo. A ninayo, e ninayo. Vigelegele hakunifundisha, nilikuwa nimemkataza.