Pikipiki Nyekundu ya Mama

Mama alikuwa akisema siku zote kwamba baba alikuja kumposa kwao Hombolo akiwa juu ya pikipiki nyekundu. Baba naye akisema siku zote kwamba hajawahi kumiliki pikipiki nyekundu. Yake ilikuwa ya bluu. Tulipokuwa wadogo ubishi huo ulikuwa burudani yetu baada ya kula. "Kama ilikuwa nyekundu," baba alipenda kusema, "basi aliyekuja si mimi. Mtafuteni huyo bwana aje amchukue mke wake."

Mwaka jana ubishi huo ulianza kunikera. Mama alikuwa ameanza kusahau. Mara ananiita kwa jina la shangazi, mara anaacha maharage jikoni mpaka yanaungua. Kila mara baba alimwambia, "Umesahau tena. Ndiyo maana hata pikipiki unaiona nyekundu." Mama alikuwa akicheka, lakini siku moja hakucheka. Alisema polepole, "Labda kweli ilikuwa ya bluu." Nilijisikia vibaya sana. Mama yangu hakuwa mtu wa labda.

Kwa hiyo nilipopata likizo kazini, niliikokota ile pikipiki kutoka stoo mpaka uani. Juu ilikuwa ya kijani, kazi ya kaka yangu enzi za ujana wake, tena aliipaka kwa brashi ya milango. Niliwatangazia kwamba naifufua. Ukweli ni kwamba nilitaka kuitoa rangi yote nione chini kuna nini, na nilikuwa upande wa mama kabla hata sijashika msasa.

Kukwangua rangi kavu kwenye chuma ni kazi ya kumpandisha mtu hasira, na za kwangu haziko mbali. Upepo wa Dodoma nao haukunionea huruma. Unga wa rangi uliniingia puani na vumbi likaja juu yake. Mama alinitazama nikisonya, mwisho akasema, "Unajitesea nini? Kostiki yangu ya sabuni si ipo? Inang'oa rangi yoyote."

Miaka mingi mama alipika sabuni za kuuza, na kopo moja la kostiki lilikuwa limebaki. Nilivaa glavu, nikajaza maji pipa la plastiki, nikaimimina kostiki taratibu huku nimegeuza uso pembeni. Nikazamisha madigadi zote mbili na kava ya cheni. Nilipotaka kuongeza mkono wa breki, mama aliruka.

"Hiyo alumini! Italiwa yote! Umewahi kuniona napika sabuni kwenye sufuria ya alumini?"

Sikuwahi. Nilirudisha mkono wa breki chini nikiwa nimefurahi mno kwa mtu aliyefokewa.

Kesho yake rangi ilikuwa imebambuka kama maganda ya maharage yaliyolowekwa. Nilisuuza, nikainua madigadi juani, chuma kikang'aa kitupu. Hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu. Kostiki haikuwa na habari na ubishi wetu. Ilikula kijani na kila kilichokuwa chini yake kwa mkupuo mmoja, ikaniachia uji mchafu usio na rangi ya kueleweka. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeua mashahidi!" alisema. "Tena kwa dawa ya mama yako mwenyewe!"

Lilibaki tangi tu, ambalo halikuenea kwenye pipa. Hilo nililishughulikia kwa maji na msasa, tabaka kwa tabaka, bila haraka. Baba alivuta kigoda akaketi mbele yangu. Mama alibandika maharage jikoni, akaja kukaa mkekani.

Kijani kilitoka. Chini yake palikuwa na nyeusi, ambayo hakuna aliyeikumbuka. Nyeusi nayo ilipoachia, ikatokea bluu.

"Haya!" baba akapiga makofi. "Nimesema nini mimi?"

Mama alitazama ile bluu, kisha akatazama mikono yake. Nilitamani kulitupa tangi lile nje ya ukuta. Niliendelea kusugua pale pale, kwa nguvu za hasira.

Bluu ikaanza kufifia, na katikati yake pakatokea wekundu.

Nilimwaga maji, nikasugua tena. Wekundu ulipanuka, mzito, wa udongo, ukafika ukubwa wa kiganja.

"Hiyo si rangi," baba alisema haraka. "Hiyo praima. Fundi anapaka kwanza hiyo kuzuia kutu, ndipo anapaka rangi yenye..." Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Baba?"

"Niliinunua imechoka," alisema. "Fundi wa Kongwa akaikwangua yote, akapaka praima, akaniambia nisubiri rangi ya bluu ifike. Sasa nikasikia kuna mwalimu anataka kutuma washenga Hombolo." Akamtazama mama. "Ningesubirije?"

"Kwa hiyo ulikuja na nyekundu," mama alisema.

"Nilikuja na praima."

"Praima ni yenu na mafundi wenu. Mimi niliona nyekundu." Alikuwa amenyooka mgongo sasa. "Na lile shati jeupe halikuwa lako. Mikono ilikuwa imekuzidi."

Baba alicheka kwa aibu, akajifuta macho. "La kaka," akasema. "Hilo nalo umelikumbuka!"

Mimi nilikuwa nalia na kucheka, msasa mkononi. Nilitaka tuipake pikipiki yote nyekundu siku hiyo hiyo, na mama alikuwa ameanza kunieleza wekundu wa namna gani, aliponiita tena kwa jina la shangazi. Kisha harufu ya maharage yanayoungua ikatufikia kutoka jikoni. Mama hakuisikia, alikuwa bado anasimulia lile shati.

Nilimtazama baba, nikisubiri lile neno lake la "Umesahau tena." Hakulisema. Aliinuka kwenye kigoda, akaenda jikoni, tukasikia akimimina maji na kukwangua sufuria. Aliporudi alikaa mkekani karibu na mama.

"Maharage yako tayari," alisema. "Hebu endelea. Nilikuja na nyekundu, halafu?"