Ndege ya Vita Iliyopakwa Samli

Nyie wa rika langu, hasa mliokulia upande wa Kaisho wakati Kyerwa bado iko ndani ya Karagwe, nisahihisheni nikikosea. Enzi zile mtoto hakununuliwa cha kuchezea. Mpira tulisuka wenyewe kwa majani makavu ya mgomba, gari tulichonga kwenye shina lake, na ukilivunja la mwenzako mnapigana mpaka mama mmoja atokee na fimbo. Lakini ndege, jamani, ndege tulikuwa nayo ya kweli! Ndege ya vita, ya chuma, imelala malishoni kwa Mzee Kakuru. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo wanatazamana, halafu wananiuliza kama nina picha. Picha! Kaisho nzima mpiga picha alikuwa mmoja, alikuja siku za kipaimara tu, na ukipiga chafya basi, picha ndiyo imeharibika.

Ilikuja mwaka wa vita, asubuhi, tukiwa kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, tunachuma kahawa. Mama alikuwa ametufundisha kwamba tukisikia mngurumo tulale kifudifudi chini ya migomba, na sisi tulishakuwa hodari, tulikuwa tunalala huku tunacheka. Siku hiyo mngurumo ulikuja, kisha ukakatika ghafla. Hatukucheka. Tulipoinua vichwa tukaiona inashuka kule mbugani kimyakimya, ikapiga tumbo kwenye nyasi, ikateleza, vumbi likafunika kila kitu. Ng'ombe wa Mzee Kakuru walitimua mbio hadi karibu na mto, na inasemekana siku tatu hawakutoa maziwa ya maana.

Mzee Kakuru alikuwa mfugaji, mrefu, mkavu, Mlutheri wa benchi la mbele, na fimbo yake haikumtoka mkononi hata wakati wa sala. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alimkuta rubani amesimama kando ya ndege yake, kijana wa kwetu, Mtanzania, anacheka peke yake. Akampa maziwa, kijana akamaliza kibuyu kizima. Jioni wanajeshi wenzake wakaja na gari, wakafungua bunduki za ndege na risasi zake, wakasema ndege yenyewe wataifuata baadaye. Kabla hajapanda garini, kijana akaushika mkono wa Mzee kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu, nitunzie hivi ilivyo. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

"Nenda, mwanangu. Utaikuta kama ulivyoiacha."

Basi, yakaisha. Hakuna karatasi, hakuna shahidi wa kutia saini. Siku hizi mtu anakupigia simu anakwambia "niko njiani, nakaribia" na unasikia kabisa kitanda kinalia. Mzee Kakuru alisema neno moja jioni moja, likamshika miaka.

Vita vikasonga mbele, vikaisha, na gari la kuichukua ndege halikuja. Sisi watu wa vibanja tukaanza kukimezea mate kile chuma. Mnakumbuka hali ilivyokuwa baada ya vita: sufuria hakuna, sabuni hakuna, chumvi mnaonjeshana. Baba yangu alitia jicho kwenye tangi moja refu lililokuwa limechomoka na kuviringika pembeni. Aliona likipasuliwa katikati litakuwa mtumbwi safi wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu. Akabeba mkungu wa ndizi mbivu na maneno matamu, akaenda. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Huyu ni mgeni wangu. Wewe kwako mgeni unamvua nguo?" Baba akarudi nyumbani, na kwa aibu mkungu akauacha huko huko.

Sasa, Mzee hakuwa fundi wa ndege. Alijua kutunza kitu kimoja tu cha thamani, nacho ni kibuyu cha maziwa. Kwa hiyo ndege akaitunza kama kibuyu. Kila Jumamosi aliifuta vumbi, akachoma majani yake yanayonukia kwenye chungu, akafukiza ndani pale anapokaa rubani mpaka moshi utoke juu, halafu akaipaka samli mwili mzima isile kutu. Samli, ndugu zangu! Sisi nyumbani tulikuwa tunalamba mwiko, na huku ndege inapakwa samli.

Wa kwanza kufurahi walikuwa ng'ombe. Asubuhi moja Mzee aliwakuta sita wamepanga mstari mkiani, wanalamba kwa zamu, na namba ya ndege imekwenda nusu. Alivua kofia, akakaa chini kwenye umande. Tulimkuta hapo tulipokuwa tunakwenda shule. "Nimeahidi kama ilivyo," akatuambia, kana kwamba sisi ndio wenye ndege. "Mimi sikusoma. Nani anaijua namba?"

Tuliijua wote, tulikuwa tunaitumia kuhesabu tukicheza kujificha. Tukachanganya masizi na utomvu wa mgomba, maana mnajua utomvu ukikuingia kwenye gauni unazikwa nalo. Shida ikaja kwenye tarakimu ya mwisho. Mimi nasema tatu, kaka yangu Deo anasema nane. Mzee hakutaka kubahatisha. Alituita mmoja mmoja kando ya zizi, kama wazee wanaosikiliza kesi ya mpaka wa shamba, kila mtoto aseme alichoona bila kusikia mwenzake. Nane ikashinda. Deo ananicheka hadi leo, na mimi hadi leo naamini ilikuwa tatu. Baada ya hapo Mzee akaizungushia uzio wa miiba, ng'ombe wakabaki kuinusa kwa mbali.

Malipo yetu yalikuwa kuirusha. Unanawa miguu, unaingia, unakaa kwenye kile kiti, mkono kwenye usukani, na wenzako nje wananguruma kwa midomo mpaka makoo yakauke. Mzee anasimama na fimbo anahesabu zamu. Sheria yake ilikuwa fupi: mtu asiongeze kitu, mtu asipunguze kitu. Deo alichomeka ua moja la mnanaa mbele, akachapwa fimbo mbili, za upendo lakini mbili. Na nyuma ya kiti palikuwa na sweta la kufuma, la kijani, alilolisahau rubani. Hilo hata kwa kidole hatukuligusa. Mke wa Mzee aliomba alifue, akakataliwa. "Alilikunja mwenyewe hivyo," Mzee akamwambia. "Libaki hivyo."

Kisha akatuanzisha kusafisha uwanja. Alikuwa amesikia ndege hukimbia kabla ya kuruka, kwa hiyo mbele ya pua yake tukang'oa vichuguu, tukaokota mawe, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka njia ikanyooka kama tunangoja wageni wa harusi. Mwalimu wetu alituambia ndege ile haitaruka tena maisha. Tukapeleka taarifa. Mzee akauliza, "Mwalimu amewahi kurusha ndege ngapi?" Tukaona ana haki.

Nilikuwa darasa la tano alipokuja yule mama. Ilikuwa Jumamosi, tuko uwanjani tunang'oa nyasi, tukaona mwanamke mfupi anakuja kwa miguu kutoka lilipomshusha lori la kahawa, vumbi hadi nyusi. Alikuwa ametoka Songea, njia nzima ile, garimoshi, meli, malori. Akatuuliza Mzee wa ndege ni yupi. Mzee mwenyewe akamwendea.

"Kaka, mimi ndiye niliyemzaa yule kijana."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka namna ile. "Karibu! Karibu sana, mama! Na yeye yuko wapi, amebaki nyuma?"

Mama akatikisa kichwa. "Hakurudi, kaka. Wiki mbili tu baada ya kutoka hapa. Lakini alikuwa ameniandikia barua. Alisema sweta nililomfumia amelisahau kwa mzee mmoja huko Karagwe, na nisihuzunike, mzee huyo ni mtu wa kuaminika."

Mzee alitembea mbele, akafungua uzio, akaanza kumkabidhi kitu kimoja kimoja kama anayemkabidhi rubani mwenyewe. Huu mkanda aliuacha hivi. Hiki kioo kilipasuka siku ile, si sisi. Namba ililambwa na ng'ombe, tukairudishia, watoto hawa ni mashahidi. Mwisho akainama, akalitoa sweta kwa mikono miwili bila kulikunjua, akampa.

Mama akajifunika nalo usoni. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, kama anayetafuta kitu. Kisha akalishusha taratibu.

"Linanukia maziwa," akasema.

Hapo Mzee ndipo alipoelewa alichokifanya. Miaka yote ile, moshi na samli, kila Jumamosi. "Nisamehe, mama. Niliogopa wadudu watalila. Sikujua namfuta mwanao." Na akalia, Mzee Kakuru, mbele yetu watoto, fimbo imeanguka chini. Nililia na mimi.

Mama akalikunjua sweta, akalivaa juu ya gauni lake, mikono ikampita vidole. "Njiani kote nilikuwa naogopa, kaka," akasema. "Niliogopa nitalikuta linanuka uvundo, kama nguo ya mtu aliyetupwa. Hili linanuka nyumbani kwa watu. Basi, nimepona." Akaitazama ndege. "Alisema atanipandisha siku moja. Naweza kukaa humo?"

Mzee akamnawisha miguu, ndiyo, sheria ni sheria. Akamshika mkono, akampandisha, akamwonyesha pa kushika. Mama akakaa, kichwa chake kikionekana kidogo tu. Ndipo Mzee akatugeukia, macho mekundu, akatufokea, "Na nyie mnangoja nini?"

Tukanguruma. Wote, thelathini na kitu, tukatanua mikono na kukimbia kwenye ule uwanja, mpaka mwisho na kurudi, na kwenda tena, Mzee naye anakimbia na sisi na miguu yake ile mirefu. Nilipogeuka nyuma nilimwona mama amefumba macho, anacheka, machozi yanatiririka, na usukani ameukamata kwa mikono yote miwili.

Ndege ilikuja kuchukuliwa nikiwa sekondari, Mzee akimsihi dereva aende taratibu kwenye mashimo. Nasikia iko mahali fulani, imepakwa rangi mpya, ina kamba ya kuzuia watu. Ni vizuri. Siku hizi Kaisho vijana wanarusha vile vidude vya kupiga picha harusini, vinalia kama nzi, na watu wote wameinamia simu kuangalia kilichoko juu ya vichwa vyao wenyewe. Siwalaumu, wanaona mbali kuliko sisi. Ila sijaona hata mmoja anayekimbia.

Juzi mjukuu wangu alinisikiliza hadi mwisho, nadra sana, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo bibi, haikuruka?" Nikamwambia hilo sina uhakika nalo. Angemuuliza yule mama, kama angekuwepo. Sisi wengine tulikuwa huku chini, tunakimbia.